Je, Saratani ya Matiti ya Mwanamke wa Kiafrika ni Ugonjwa Tofauti?

Kuna usemi uliorudiwa mno katika semina za madaktari, magazetini na hata wodini, hadi sasa unapokelewa bila kuhojiwa: kwamba saratani ya matiti inayompata mwanamke wa Kiafrika si ile inayompata Mzungu. Huanza mapema, husemwa. Ni kali zaidi. Haisikii vidonge vya homoni. Na chanzo chake kimo katika damu ya ukoo. Usemi huo una matokeo. Mpangaji wa bajeti akiuamini, haoni sababu ya kujaza bohari vidonge vya tamoksifeni. Daktari akiuamini, huanza tibakemikali bila kusubiri kipimo cha vipokezi. Na mgonjwa akiusikia, hukata tamaa kabla hajafungua faili.

Kwa miaka ishirini na ushei watafiti wameyachukua madai hayo na kuyapima moja moja. Yapo yaliyosimama, yapo yaliyoporomoka, na lipo moja ambalo kwa sehemu kubwa limegeuka kuwa habari ya maabara zetu, si ya miili yetu. Ili kuyatenganisha, inabidi kwanza tuujue ugonjwa wenyewe na jinsi hatari yake inavyojengeka.

Titi, homoni na vipokezi

Ndani ya titi kuna vifuko vidogo vya kutengeneza maziwa, na mirija inayoyapeleka kwenye chuchu. Saratani nyingi huanzia pale vifuko vinapoungana na mirija. Seli za eneo hilo hazitulii. Tangu msichana anapovunja ungo hadi hedhi inapokoma, kila mwezi huitikia homoni: huongezeka, kisha nyingine hufa. Kila seli inapojigawa hulazimika kunakili vinasaba vyake, na katika kunakili makosa hutokea. Mengi hurekebishwa na mwili wenyewe. Machache hubaki, na yakiangukia jeni zinazodhibiti ukuaji, seli huendelea kujigawa bila kizuizi. Ndiyo maana, ukiacha jinsia, umri ndio kihatarishi kikubwa kuliko vyote. Wanaume nao huugua, ila ni mmoja tu, au hata chini yake, katika kila wagonjwa mia.

Uhusiano huo na viungo vya uzazi uligunduliwa kabla ya homoni zenyewe kujulikana. Mwaka 1896 daktari mpasuaji wa Glasgow, George Beatson, alieleza jinsi alivyoondoa ovari za mwanamke aliyekuwa na saratani ya titi iliyokwisha kuenea, na uvimbe ukasinyaa. Zaidi ya nusu karne ilipita kabla Elwood Jensen wa Chicago hajaonyesha sababu: baadhi ya seli zina vipokezi, yaani protini zinazoidaka homoni ya estrojeni na kutii amri yake ya kukua. Dawa ya tamoksifeni, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1977, hukalia kipokezi hicho ili estrojeni ikose nafasi. Majaribio mengi yalipojumlishwa, ilionekana kwamba mwanamke mwenye vipokezi akimeza kidonge hicho kwa miaka mitano, hatari yake ya kufa kwa ugonjwa huu hupungua kwa karibu theluthi moja katika miaka 15 ya mwanzo. Ni kidonge cha zamani, kisicho na hatimiliki, na kimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake huko Los Angeles walionyesha kundi jingine: saratani zenye jeni ya HER2 iliyojirudia mara nyingi kupita kiasi, ambazo hukua kwa kasi. Dawa iliyolengwa kwao, Herceptin, iliidhinishwa mwaka 1998. Kisha mwaka 2000 Charles Perou na wenzake walisoma maelfu ya jeni kwa mpigo na kuonyesha kwamba tunachokiita saratani ya matiti ni magonjwa kadhaa yanayokaa katika kiungo kimoja. Kliniki huyagawa kwa kupima vitu vitatu: kipokezi cha estrojeni, kipokezi cha projesteroni na HER2. Uvimbe usio na hata kimoja huitwa hasi-tatu. Hausikii vidonge vya homoni wala Herceptin, na kwa miaka mingi tiba ya dawa dhidi yake ilikuwa tibakemikali pekee. Huu ndio unaosemwa kuwa saratani ya Mwafrika.

Hatari inavyojengeka

Mwaka 1713 tabibu wa Kiitalia, Bernardino Ramazzini, aliandika kwamba saratani ya matiti iliwapata watawa wa kike, wasiozaa, kuliko wanawake wengine. Mwaka 1926 Janet Lane-Claypon wa Uingereza alilinganisha wagonjwa 500 na wanawake 500 wasio na ugonjwa, akakuta wagonjwa walichelewa kuolewa, walizaa watoto wachache na walinyonyesha kwa muda mfupi. Mwaka 2002 watafiti walioratibiwa na Chuo Kikuu cha Oxford walijumlisha tafiti 47 kutoka nchi 30 na kuyatia mambo hayo katika hesabu: kila uzazi hupunguza hatari kwa asilimia 7, na kila miezi 12 ya kunyonyesha huipunguza kwa asilimia 4.3 zaidi.

Tuzifanyie kazi takwimu hizo. Bibi aliyezaa watoto sita na kumnyonyesha kila mmoja mwaka na nusu amenyonyesha miaka tisa. Ukizidisha punguzo moja baada ya jingine, hatari yake inashuka chini ya nusu ya ile ya mwanamke asiyezaa. Mjukuu wake anayefanya kazi benki, mwenye watoto wawili na likizo fupi ya uzazi, aliyenyonyesha miezi sita kwa kila mmoja, anapata punguzo la chini ya asilimia 20. Hesabu hiyo ni ya makadirio, lakini inaeleza sehemu kubwa ya kinachotokea mijini. Rejista ya saratani ya Kampala, mojawapo ya rejista za zamani zaidi barani Afrika, inaonyesha kwamba katika eneo la Kyadondo kiwango cha ugonjwa huu kiliongezeka maradufu kati ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 na katikati ya miaka ya 1990: kutoka wagonjwa wapya 11 hadi 22 kwa kila wanawake 100,000 kwa mwaka.

Kuna mengine yanayoongeza hatari: unene baada ya kukoma hedhi, kwa kuwa mafuta ya mwili hutengeneza estrojeni, pombe, hata kwa kiasi kidogo, na mionzi kifuani wakati wa usichana, kama ilivyoonekana kwa manusura wa mabomu ya atomiki Japani. Homoni za kutuliza makali ya kukoma hedhi nazo zimo: jaribio kubwa la Marekani lilisitishwa Julai 2002 baada ya kuonekana kwamba waliomeza estrojeni pamoja na projestini walipata saratani hii zaidi kwa asilimia 26. Vidonge vya uzazi wa mpango vina athari pia, ila ndogo: utafiti wa Denmark uliowafuatilia wanawake milioni 1.8 ulikuta mgonjwa mmoja wa ziada kwa kila watumiaji 7,690 kwa mwaka. Katika nchi ambako mama bado anaweza kufa akijifungua, kuacha kupanga uzazi kwa kuogopa hatari hiyo ni kukwepa mvua ndogo na kukimbilia mtoni.

Hapo kuna jambo ambalo kampeni za saratani ya matiti za kila Oktoba hulipitia haraka. Sehemu kubwa ya ongezeko la hatari imetokana na mambo ambayo hakuna anayetaka kuyarudisha nyuma: msichana kula vizuri na kuvunja ungo mapema, kusoma, kuchelewa kuolewa, kuzaa watoto anaoweza kuwalea. Hakuna mwenye akili timamu atakayemshauri binti aache shule akazae ili alinde matiti yake. Ushauri wa kunyonyesha, kupunguza pombe na kudhibiti uzito una maana na utolewe. Lakini ugonjwa utaongezeka hata tukihubiri vipi, na ndiyo maana ubora wa uchunguzi na tiba ndio utakaoamua nani ataishi.

Dai la kwanza: huanza mapema

Tembelea kliniki yoyote ya saratani Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, utakuta wanawake wengi wa miaka ya thelathini na arobaini. Ulaya wengi wao wangekuwa na miaka sitini. Mtu hutoka hapo akiamini kwamba ugonjwa wetu unawawinda vijana.

Kinachosahaulika ni idadi ya watu waliopo katika kila rika. Tanzania karibu nusu ya watu wote hawajafikisha miaka 18, na wanawake wa miaka 65 ni wachache ukilinganisha na wa miaka 40. Palipo na vijana wengi, wagonjwa wengi watakuwa vijana hata kama hatari ya kila mmoja ni ndogo. Ukilinganisha rika kwa rika, mambo yanageuka: mwanamke wa miaka 45 wa Ulaya Magharibi ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata saratani ya matiti mwaka huo kuliko mwenzake wa Afrika Mashariki.

Hata hivyo wastani huo wa umri, japo hausemi lolote kuhusu baiolojia, una maana kwa huduma. Mpango wa uchunguzi ulionakiliwa kutoka Ulaya na kuanzia umri wa miaka 50 utawaacha nje wagonjwa wetu wengi. Tena wengi wao wako katika miaka ya kuzaa. Utafiti wa mwaka 2019 uliojumlisha tafiti 15 ulionyesha kwamba kinga inayoletwa na uzazi haiji mara moja: baada ya kujifungua hatari hupanda kwanza, hufikia kilele kama miaka mitano baadaye, na huchukua zaidi ya miaka ishirini kugeuka kuwa kinga. Kwa hiyo mama anayenyonyesha akija zahanati na uvimbe mgumu usiouma, jibu la "maziwa yameganda, kande kwa maji ya moto" linaweza kuwa sahihi kwa wiki mbili. Uvimbe ukibaki baada ya hapo, anastahili rufaa.

Dai la pili: haina vipokezi

Tafiti nyingi za awali kutoka Afrika zilidai kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa hawakuwa na kipokezi cha estrojeni. Ili kulielewa dai hilo, tufuate kipande kimoja cha nyama.

Daktari anakitoa kwenye titi kwa sindano nene, Ijumaa saa nne asubuhi. Kanuni za maabara zinataka kiingizwe ndani ya saa moja katika formalini ya asilimia 10 iliyowekewa kidhibiti cha asidi, na kilowekwe humo kwa saa zisizopungua 6 wala kuzidi 72. Hospitali hii formalini imeisha, au iliyopo imechanganywa kwa kukadiria na haijabadilishwa tangu mwezi uliopita. Kichupa anakabidhiwa mdogo wa mgonjwa, naye anaelekezwa akipeleke maabara ya mjini. Anapanda basi la mchana, anafika dirisha la malipo limefungwa. Wikiendi nzima kichupa kiko dirishani kwa shangazi. Jumatatu kinapokelewa, kinasubiri zamu, kinakatwa na kutiwa rangi ya kutafuta vipokezi.

Vipokezi ni protini, na protini huharibika kama ile ya nyama yoyote iliyoachwa kwenye joto. Kwa hiyo jibu la "hasi" linaweza kuwa na maana mbili: ama kipokezi hakikuwepo, ama kilikuwepo kikaharibika njiani. Mtaalamu makini wa patholojia huangalia kwanza seli za titi zenye afya zilizomo katika kipande hichohicho. Baadhi yake kwa kawaida zina vipokezi, na zisiposhika rangi, kipimo ndicho kilichoanguka na jibu halifai kutolewa.

Mwaka 2014 Amanda Eng na wenzake walikusanya tafiti za Afrika na kuzichambua wakiwa na swali hilo mikononi. Tafiti zilizotumia sampuli za zamani, zilizovutwa kutoka makabati, zilionyesha vipokezi vichache. Zile zilizokusanya sampuli upya na kuzitunza kwa utaratibu zilionyesha vipokezi vingi zaidi. Kwa jumla, kusini mwa Sahara, karibu wagonjwa 6 kati ya 10 walikuwa na kipokezi cha estrojeni. Mwaka huohuo Shahin Sayed na wenzake wa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, walichapisha matokeo ya wagonjwa wa Kenya waliopimwa kwa uangalifu: karibu 7 kati ya 10 walikuwa na kipokezi hicho, na hasi-tatu walikuwa kama mmoja kati ya watano.

Mmoja kati ya watano bado ni kiwango cha juu kuliko cha Wazungu wa Marekani, na umri mdogo wa wagonjwa hauelezi tofauti yote. Lakini kuna umbali mkubwa kati ya kusema hivyo na kusema kwamba ugonjwa wetu hausikii homoni. Mgonjwa aliyeandikiwa "hasi" kwa sababu ya formalini mbovu hanyimwi takwimu tu, ananyimwa miaka mitano ya kidonge ambacho kingepunguza hatari yake ya kufa kwa theluthi.

Dai la tatu: imo katika damu ya ukoo

Mwaka 1990 Mary-Claire King alionyesha kwamba katika baadhi ya familia saratani ya matiti hufuata jeni iliyoko kwenye kromosomu ya 17. Jeni hiyo, BRCA1, ilipatikana mwaka 1994, na BRCA2 mwaka uliofuata. Zote mbili hushiriki kukarabati vinasaba vilivyokatika. Mwanamke aliyerithi nakala yenye kasoro ana uwezekano wa takriban asilimia 70 wa kupata saratani ya matiti kufikia umri wa miaka 80.

Kimataifa inakadiriwa kwamba urithi wa wazi wa namna hii huhusika kwa wagonjwa 5 hadi 10 katika kila mia. Utafiti wa Nigeria uliochapishwa mwaka 2018, ambao Olufunmilayo Olopade ni miongoni mwa walioufanya, uliwapima wagonjwa 1,136 na kukuta kasoro za kurithi kwa karibu 15 katika kila mia. Wagonjwa wa Uganda na Cameroon walitoa matokeo yaliyokaribiana na hayo. Hapa dai lina ukweli, na linadai hatua: binti na dada wa mgonjwa kijana waulizwe, na inapowezekana wapimwe. Lakini lina ukomo pia. Wagonjwa 85 kati ya mia hawakuwa na kasoro hizo, kwa hiyo mwanamke asilale akijiliwaza kwamba "kwetu hakuna".

Jambo jingine lililodhihirika ni kwamba Afrika si damu moja. Lisa Newman na wenzake walipolinganisha wagonjwa wa Ghana na wa Ethiopia, saratani ya hasi-tatu ilikuwa zaidi ya nusu kwa Waghana na kama asilimia 15 tu kwa Waethiopia, kiwango kinachokaribiana na cha Wazungu wa Marekani. Wamarekani Weusi, ambao mababu wao wengi walichukuliwa utumwani kutoka Afrika Magharibi, walikuwa katikati. Matokeo ya Lagos au ya Detroit hayawezi kuhamishiwa Arusha bila kupimwa upya. Kwa sababu hiyohiyo, vipimo vipya vinavyojumlisha mamia ya tofauti ndogo za jeni ili kukadiria hatari ya mtu havijawa tayari kwetu: vimetengenezwa zaidi kwa takwimu za watu wenye asili ya Ulaya, na usahihi wake hupungua kwa wenye asili ya Afrika.

Kinachoua

Ikiwa baiolojia haitofautiani kiasi hicho, mbona wagonjwa wetu hufa zaidi kuliko wa kwingineko? Jibu bora tulilo nalo linatoka katika utafiti uliowafuatilia wanawake zaidi ya 2,000 wa Namibia, Nigeria, Afrika Kusini, Uganda na Zambia. Baada ya miaka mitatu, nusu yao tu walikuwa hai. Nchini Namibia asilimia 90 ya wagonjwa Wazungu walikuwa hai, na asilimia 56 ya Weusi. Uganda na Zambia ilikuwa asilimia 44 hadi 47. Watafiti walipochambua sababu, waliona kwamba katika makundi yaliyokufa zaidi, kati ya asilimia 28 na 37 ya vifo vingeepukika kwa kugundua ugonjwa mapema na kutoa tiba iliyo bora. Hakuna kasoro ya jeni inayotajwa katika mjadala huu yenye uzito kama huo.

Tanzania, tathmini ya huduma iliyofanyika mwaka 2017 ilieleza kwamba karibu asilimia 80 ya wagonjwa hufika wakiwa katika hatua ya tatu au ya nne. Kufika huko si uzembe wa wanawake. Wengi hupita zahanati, duka la dawa na kwa mganga, hurudishwa kwa dawa za maumivu, kisha huuza mbuzi ili kupata nauli. Gharama yake haiishii kwa marehemu. Katika nchi tano za utafiti ule ilikadiriwa kwamba kila wanawake 100 walio chini ya miaka 50 wanaokufa kwa saratani ya matiti huacha yatima 210.

Hata namna ya kugundua mapema imejaribiwa, na matokeo yake yanafundisha. Huko Shanghai wanawake zaidi ya 266,000 wa viwanda vya nguo waligawanywa, na nusu wakafundishwa kujipapasa matiti kila mwezi. Vifo havikupungua. Mumbai, wanawake zaidi ya 151,000 waligawanywa pia, na kundi moja likawa linapapaswa na wahudumu wa afya waliofunzwa, kila baada ya miaka miwili. Baada ya miaka ishirini, waliokuwa na umri wa miaka 50 na zaidi walipungukiwa vifo kwa karibu asilimia 30, ingawa kwa walio chini ya umri huo nafuu haikuonekana. Mwanamke ayajue matiti yake, hilo ni jema. Lakini kinachookoa ni mikono iliyofunzwa ikifuatwa na njia ya wazi hadi kwenye tiba. Mkakati wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 umeiwekea njia hiyo vipimo: wagonjwa 60 kati ya mia wagunduliwe katika hatua ya kwanza au ya pili, majibu kamili yapatikane ndani ya siku 60, na 80 kati ya mia wamalize tiba.

Basi jibu la swali letu ni hili. Saratani ya matiti ya wanawake wa Kiafrika ina tofauti za kweli: hasi-tatu nyingi zaidi, hasa Magharibi mwa bara, na urithi wa BRCA unaostahili kutafutwa kwa bidii kuliko sasa. Lakini Afrika Mashariki wagonjwa wengi wana ugonjwa uleule ambao kwingineko hutibiwa kwa kidonge cha bei nafuu, na wanaukosa kwa sababu kipimo hakikufanyika au kilifanyika vibaya. Utafiti wa jeni uendelee, na ufanywe na vyuo vyetu kwa sampuli za watu wetu. Ila hata huo utatoa majibu ya uongo kama kipande cha nyama kimeoza kabla ya kufika maabara. Serikali yenye fedha za jambo moja tu mwaka huu isianze na mashine ya kuchapishwa picha gazetini. Ianze na patholojia ya hospitali ya mkoa: formalini safi, mtaalamu anayelipwa, msafirishaji wa sampuli asiyekuwa ndugu wa mgonjwa, na jibu linalotoka ndani ya siku 60. Huduma hiyo hiyo moja itamtibu mgonjwa wa leo na kuwapa watafiti takwimu zinazoaminika.